Bi Fagio na Majani ya Bahari

Jina la Bi Fagio alipewa na wifi yake, na kama yalivyo majina mengi yanayotoka kwa mawifi, lilikuwa nusu sifa, nusu kijembe. Alifika kisiwani akiwa bibi arusi, msichana aliyesoma, aliyelelewa katika nyumba ambayo vumbi halikupata pa kulala. Asubuhi ya kwanza ukweni, chai haijachemka, alishika ufagio. Uani hakukumtosha. Alishuka hadi ufukweni, akayakusanya majani meusi yaliyotupwa na maji, akayabeba hadi nyuma ya nyumba na kuyachoma moto. Wifi yake, dada wa mumewe, alisimama mlangoni akijinyoosha, akamwambia mama yake kwa sauti ya kutaka kusikika:

"Kaka katuletea mke wa kufagia bahari. Akimaliza hapa atapanda juu kupangusa nyota."

Bibi arusi alicheka pamoja nao. Kesho yake akafagia tena, na kesho kutwa, na hakuacha. Alipokuwa mjamzito alifagia. Alipougua aliketi kizingitini akamwelekeza mwingine, na aliyeelekezwa alitamani ugonjwa ungekuwa wake.

Kisiwa chenyewe ni kidogo. Ukianza kukizunguka wakati chai inainjikwa, unarudi kuinywa ikiwa ya moto. Na chote ni matumbawe, tangu juu hadi chini. Mchanga wake ni matumbawe yaliyosagwa na mawimbi, mawe ya kujengea ni matumbawe yaliyokatwa, na maji ya kisima ni mvua iliyonaswa humo humo ndani ya matumbawe, tabaka jembamba la maji matamu lililokaa juu ya chumvi. Ukichota kwa pupa, chumvi inapanda. Kisima cha namna hiyo hakilazimishwi, hubembelezwa, kama mume mwenye hasira za karibu.

Mume wa Bi Fagio hakuwa na hasira za karibu. Alikuwa mwashi, na kisiwa kizima kilimwita Fundi bila kuongeza neno, maana hakukuwa na haja ya kueleza fundi yupi. Hata kabla hajaoa, wageni wa kwanza walipoanza kuvuka kuja kuogelea na kutazama samaki wa mwambani, yeye ndiye aliyesema watu hawa watahitaji pa kulala. Akajenga chumba kimoja karibu na maji, kwa sababu mgeni anataka kulisikia wimbi. Chokaa ikiwa bado mbichi, aliweka kiganja chake ukutani pembeni ya mlango, alama yake ikabaki hapo. Baadaye akajenga vingine nyuma yake, kimoja kimoja, kadiri riziki ilivyoruhusu. Chumba kile cha kwanza kikaitwa Chumba cha Mbele.

Fundi alifariki ghafla, mwanawe bado yuko shuleni. Watu walikuja kutoa pole, na katikati ya pole baadhi yao wakaanza kuvitazama vyumba kwa macho ya mnunuzi. Mjane ataviweza wapi? Bi Fagio aliwasikia. Arobaini ilipokwisha, alitoka na ufagio wake. Hilo ndilo lililokuwa jibu lake, na alilitoa kila asubuhi. Ufukwe wa nyumba ya Fundi ukawa mweupe kama shuka lililotandikwa, hauna jani, hauna kijiti, hauna kichaka cha kuzuia macho ya mgeni anayetaka kuona bahari. Wageni walipiga picha, wakapeleka kwao, wakaja wengine. Mwanawe akasoma, akawa nahodha wa boti ya kuvusha abiria, akaoa binti mmoja mpole wa sauti, mkali wa maneno. Jina la Fundi halikuchafuka.

Kwa hiyo asubuhi moja, baada ya bamvu, yale maji makubwa yanayojaa kupita kiasi, Bi Fagio alipokuta ngazi ya chini ya Chumba cha Mbele imelowa, hakumwambia mtu. Alichukua kitambaa akaipangusa. Kisha akaona mstari wa chumvi ukutani, mwembamba, uliopinda kidogo kama mtu aliyeandika bila kufuata mstari. Alikwenda stoo, akakoroga chokaa, akaupaka.

Bamvu lililofuata maji yaliilowesha ngazi ya pili. Akapaka tena. Mkwe wake alimkuta na brashi mkononi.

"Mama, ukuta huu juzi tu umepakwa."

"Ukuta ni kama uso. Wewe uso wako unaunawa mara moja kwa mwezi?"

Mkwe alitazama ukuta, akatazama maji, akarudi jikoni. Bi Fagio alibaki na moyo unaodunda kama wa mwizi. Tangu siku ile hakulala vizuri. Akilala anasikiliza wimbi, anapima kwa masikio limefika wapi. Akiamka, macho yake yanakwenda kwanza kwenye ule mkanda wa mchanga kati ya maji na ngazi. Zamani watoto walicheza mpira hapo. Sasa hata kuanika mashuka kulitaka hesabu.

Ndipo mwanawe aliporudi na habari kutoka ng'ambo. Alivua viatu mlangoni, kama alivyofundishwa, akaketi.

"Mama, kuna mkaguzi anakuja. Ofisi ya visiwa imemtuma, atapita nyumba zote za wageni."

"Anakagua nini? Mashuka?"

"Mashuka ni yako wewe. Anakagua maji tunachota wapi, vyoo vinaishia wapi, wageni wanakanyaga nini wakienda mwambani, ufukwe ukoje. Wanataka kujua kisiwa kinaweza kuwabeba hawa wageni kwa muda gani, au wageni watakimaliza. Atakayeshindwa, msimu ujao hapokei mtu."

"Na akishinda?"

"Akishinda anapata kibali chake, maisha yanaendelea."

Bi Fagio aliinamia kikombe chake. Alichokiona ndani ya chai ni mlango umefungwa kufuli, na watu wakipita kando yake wakisema, si unaona, tulisema mjane hataviweza.

Aliongeza kufagia. Alfajiri alifagia, na jioni maji yakipwa alifagia tena. Majani yote yaliyokuwa yakichomwa nyuma ya nyumba sasa aliona hata majivu yake ni aibu, akaagiza yatiwe kwenye magunia, boti iyavushe ng'ambo yatupwe huko. Mwanawe alilalamika kwamba yeye amesomea kuvusha watu, si taka. Akavusha.

Wifi alikuwa akiyaona yote hayo kutoka kwake. Nyumba yake ilipakana na yao, vyumba vitatu chini ya paa jekundu, na ufukwe ambao Bi Fagio aliutazama kwa kujikaza. Majani yalilala pale msimu kwa msimu, tabaka juu ya tabaka, yakinuka chumvi na uvundo, viduduvidudu vikirukaruka juu yake. Vichaka vimeota ovyo. Wageni wa kwake walikuwa wachache, vijana wasiojali, waliolala kwenye machela wakisoma vitabu. Wifi naye alikuwa kajifunga kanga, kakaa kibarazani, anachambua mchele.

"Wifi," alisema, "pumzika. Hata bahari inakuonea huruma. Si unaona inavyozidi kukusogelea? Imekuja kukupokea ufagio."

Bi Fagio aliganda. Kumbe ameona. "Bahari inasogea kwa wote," alijibu.

"Kwangu imekaa palepale. Labda inaogopa uchafu wangu."

"Mkaguzi akija utamkalisha wapi, wifi? Juu ya hilo jaa?"

"Atakaa nilipokaa mimi. Kama ana kinyaa, amwombe Bi Fagio amwazime shuka."

Wakacheka wote wawili, kila mmoja na lake. Hivyo ndivyo walivyoishi miaka yote, wakitaniana kwa meno, na hakuna aliyewahi kumnyima mwenzake chumvi.

Mkaguzi alifika na boti ya asubuhi, mwanamke kijana mwenye kofia pana na begi lililojaa kamba, chupa na vijiti. Bi Fagio alimtandikia kiti, akamwekea maji. Mkaguzi akashukuru, akayanywa, akatulia nayo kinywani kidogo kabla ya kumeza.

"Ni ya kisima?"

"Ya kisima, mwanangu. Matamu, eti?"

"Matamu bado," alisema mkaguzi, na lile neno bado likamwingia Bi Fagio kama mwiba wa samaki.

Ilikuwa siku ndefu. Mkaguzi aliingia majini akaenda mwambani, akakaa huko hadi ngozi ya vidole ikajikunja. Aliporudi alisema sehemu kubwa ya matumbawe ilikufa mwaka ule wa joto kali, lakini mapya madogo yameanza kuota. Kisha akachungulia karo la vyoo, lililochimbwa nyuma ya Chumba cha Mbele. Akapima kwa hatua kutoka karo hadi kisimani. Kila alipoinama, Bi Fagio aliinama nyuma yake. Kila alipoandika, Bi Fagio alichungulia karatasi.

Mwishowe mkaguzi alisimama mbele ya Chumba cha Mbele. Alikitazama kiganja cha Fundi ukutani, akatabasamu. Kisha akagusa ukuta chini yake, akatazama weupe uliobaki kidoleni.

"Chokaa hii ni mpya, mama."

"Tunapenda usafi."

"Maji yamefika hapa?"

Mkwe alikuwa amesimama karibu na sinia la vikombe. Alimtazama mama mkwe wake, akangoja. Bi Fagio alihisi jua limemshukia yeye peke yake kichwani.

"Yamefika," alisema. "Ngazi ya pili."

Mkaguzi hakushtuka wala kukemea. Alitazama ufukwe mweupe, akatazama upande wa pili, kwenye vichaka na majani meusi ya wifi.

"Nani anafagia hapa?"

Kwa mara ya kwanza siku ile Bi Fagio alinyoosha mgongo. "Mimi. Tangu nilipoolewa. Hata siku moja hapakulala jani."

"Na yanakwenda wapi?"

"Zamani tuliyachoma. Sasa yanavushwa ng'ambo."

Mkaguzi aligeuka kuelekea nyumba. "Mama, unayo picha yoyote ya zamani ya ufukwe huu?"

Ilikuwepo. Ilitundikwa sebuleni, Fundi amesimama mbele ya Chumba cha Mbele siku kilipopokea mgeni wa kwanza, bega juu, mikono nyuma. Mkaguzi alipoitazama alisema inaonekana kama imekatwa chini. Bi Fagio akasema ndivyo fremu ilivyo. Mwanawe, aliyekuwa akinywa maji mlangoni, akamtazama.

"Mama. Mficha uchi hazai."

Alitamani kumzaba kibao mbele ya mgeni. Badala yake aliishusha fremu, akaigeuza, akang'oa vibanzi vya nyuma, akakikunjua kipande cha picha alichokikunja kwa mkono wake mwenyewe, ujanani, kwa aibu. Chini ya magoti ya Fundi palikuwa na majani meusi, rundo zima, yamemfika kwenye vifundo vya miguu. Mumewe amesimama ndani ya taka, anacheka. Na mbele yake mchanga ulikwenda, ukaenda, hadi bahari ilionekana kama uzi chini kabisa ya picha.

Mkwe aliisogelea picha.

"Kumbe uwanja ulikuwa wote huu," alisema.

Mkaguzi aliketi sakafuni na picha ile mapajani, akaeleza taratibu, kama anayemfunga mtu kidonda. Alisema mwamba ndio unaovunja nguvu ya wimbi, na mwamba umeumia, hilo si kosa la mtu wa nyumba hii. Vichaka vilishika mchanga kwa mizizi, na vimekatwa. Na majani yale yanayotupwa na maji hunasa mchanga. Wimbi likija linayakuta yamelala, linachoka, linaacha mchanga ndani yake. Na kila ufagio ukipita, ukiondoa jani, unaondoa na mchanga ulioshikwa. Kidogo kidogo, kila siku, kwa miaka.

"Kwa hiyo," Bi Fagio alisema, na sauti yake ilitoka kama ya mtu mwingine, "unaniambia nimekula nyumba yangu kwa ufagio wangu."

"Sikusema hivyo, mama. Nimesema yako mambo matatu, na hili moja liko mikononi mwako."

"Na kibali?"

Mkaguzi akarudisha picha mezani kwa mikono miwili. "Vyumba vya nyuma havina tatizo. Huduma yenu ni nzuri. Shida yangu ni karo. Chumba cha Mbele kikianguka, maji yatafika kwenye karo, na karo likifunguka, kisima chenu kimekwisha, na cha jirani yenu pia. Siwezi kuandika kwamba hakuna hatari. Bamvu kubwa la mwaka linakuja siku chache hizi, litakuwa la mchana. Nitarudi baada yake. Chumba kikiwa kimesimama, nitawapa kibali na muda wa kulihamisha karo. Kisiposimama, nitafunga."

"Na tufanye nini hadi hapo?" aliuliza mwanawe.

"Msifagie. Rundikeni majani mbele ya msingi, mengi, na magunia ya mchanga nyuma yake. Si dawa. Lakini kwingine nimeona yakisaidia."

Boti ikamrudisha. Bi Fagio alikaa sebuleni na picha. Alimkasirikia mkaguzi, mtoto wa juzi. Alimkasirikia mwanawe na methali yake. Alimkasirikia hata Fundi, aliyesimama pale akicheka na hakumwambia. Lakini marehemu alikuwa amemwambia, na hilo ndilo lililomwuma. Mara moja, siku za mwanzo, alisema, "Mke wangu, yaache mengine, bahari nayo ina vitu vyake." Akadhani mume anamhurumia kwa kazi.

Asubuhi iliyofuata alitoka alfajiri bila ufagio, na mikono yake haikujua pa kwenda. Maji yalikuwa yameacha majani machache, ukanda mwembamba kama nyusi. Kwa bamvu lililokuwa likija, hayo hayakutosha hata kuzibia tundu la panya. Yake yote, ya miaka yote, ameyachoma. Ya wiki iliyopita ameyavusha ng'ambo kwa boti.

Mwanawe naye alikuja na lake. "Mama, kuna kundi la wageni linaingia kesho. Wameiona picha ya ufukwe mweupe, ndio wanaoufuata. Tukirundika uchafu hapa watageuza boti. Tufagie hadi waondoke, kisha..."

"Kisha bamvu litatusubiri?"

"Tuweke magunia tu ya mchanga."

"Mchanga wa wapi? Utaukopa kwa nani?" Alisema hivyo, akajisikia. Alimtazama mwanawe, kisha akageuza uso kuelekea paa jekundu.

Mwanawe akaelewa, akaanza kucheka, akajizuia. "Hapana, mama. Shangazi atatuimba hadi tuzeeke."

"Mimi nimeshazeeka. Lete karai."

Hatua zile chache kutoka uwanja wake hadi kwa wifi zilikuwa nzito kuliko zile za siku aliyoletwa bibi arusi. Wakati ule alikuwa na shela ya kujificha. Wifi alikuwa kibarazani vilevile, na mchele wake. Aliliona karai kabla ya kumwona mwenye karai.

"Karibu, wifi. Chumvi imekwisha?"

"Haijaisha."

"Moto?"

"Upo."

"Basi sema, maana unanitisha. Wewe hujawahi kuja na chombo kitupu."

Bi Fagio alisimama wima. Kama ni kuomba, ataomba kama mtoto wa watu. "Nimekuja kukuomba majani, wifi."

"Majani ya chai?"

"Haya." Akaelekeza kwa kidevu.

Wifi aliweka ungo chini. Alitazama ufukwe wake, akamtazama mke wa kaka yake, akajishika kifua kama aliyezidiwa. "Jaa langu?"

"Jaa lako."

"Hili ulilosema nitamkalisha mkaguzi juu yake?"

"Hilo hilo."

"Kaa," wifi alisema. "Kaa kwanza unywe chai. Taka zangu hazichukuliwi na mtu aliyesimama."

Akakaa. Akanywa. Na akiwa anakunywa akaeleza yote, mstari wa chumvi, chokaa, karo, picha iliyokunjwa. Alipofika kwenye karo, wifi aliacha kuchambua mchele. Kisima chake kilikuwa hatua chache tu kutoka kwenye ukuta wa mpaka.

"Kwa hiyo ukianguka wewe nakunywa mimi," alisema.

"Ndiyo."

"Na ulijua maji yamefika ngazini ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

Wifi alimtazama, safari hii bila utani. "Kaka yangu alikijenga kile chumba nikimpelekea maji ya kukorogea. Kiganja kile alitaka niweke mimi, nikaogopa chokaa itanibabua. Ungeniambia, mke wa kaka. Ningekucheka, ndiyo. Lakini ningekucheka nikiwa nabeba."

Akainuka, akajikaza kanga, akatafuta reki. Ilikuwa mpya kabisa, bado ina karatasi ya dukani, maana hakuwahi kuitumia.

"Usiyachukue yote," alisema. "Niachie na mimi uchafu wangu kidogo. Ndio uliokuwa ukinilinda, kumbe, nami najiona mvivu tu."

Walibeba kutwa nzima, na siku iliyofuata. Mwana na toroli, mkwe na pakacha, mawifi wawili na karai lililoshikwa huku na huku. Majani yalikuwa mazito, yanatiririka maji meusi, yananuka hadi kichwani. Nusu yalidondoka njiani.

"Kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi," alisema mkwe akihema, na mama mkwe wake kwa mara ya kwanza hakumwambia arudi akaokote.

Wageni walifika katikati ya shughuli hiyo. Walishuka kwenye boti, wakasimama, wakatazama simu zao, wakatazama rundo. Mmoja wao, mwanamume mwenye miwani ya jua, aliuliza ufukwe mweupe uko wapi. Bi Fagio alikuwa ameloa tope hadi viwiko. Kwa maisha yake yote hakuwahi kumpokea mgeni bila kubadilisha kanga.

"Ni huu," alimjibu. "Tunauzuia usiondoke. Karibuni ndani, mashuka ni safi."

Wawili waligeuka na boti. Waliobaki waliweka mizigo, na baadaye kidogo mmoja akatoka bila viatu, akauliza kama kuna karai jingine.

Bamvu lilikuja mchana wa siku ya tatu, jua linawaka, bahari haina hata hasira. Hilo ndilo lililomtisha Bi Fagio zaidi. Maji yalipanda tu, taratibu, kama mtu anayejua nyumba anakokwenda. Waliketi kibarazani kwa wifi, wote, wakitazama. Wimbi la kwanza lililofika kwenye rundo lilipasuka na kuingia ndani, likatoka linachechemea. La pili likachukua pindo. La tatu likapita juu, likafika ngazini. Bi Fagio alimshika wifi mkono bila kujua amemshika.

"Litaisha lini?" aliuliza.

"Likichoka," wifi alijibu. "Unabana vidole vyangu."

Likaja moja kubwa, wakasikia mlio mkavu kama wa mfupa. Ngazi ya chini ilikatika, ikaondoka nalo. Mwanawe akasimama. Bi Fagio akasema, "Kaa," kwa sauti ndogo kabisa, na mwanawe akakaa. Wimbi lililofuata likaja, likasukuma, majani yakanyanyuka kama godoro na kushuka tena palepale. Kisha maji yalisimama pale yalipo, hayapandi wala hayashuki. Halafu mkwe akasema, "Yanarudi," na kweli yalikuwa yanarudi.

Chumba cha Mbele kilisimama bila ngazi ya chini. Kiganja cha Fundi kilikuwa kimerushiwa chumvi hadi kwenye vidole.

Mkaguzi alirudi akakuta mlango wa chumba hicho umefungwa, na mwashi kijana keshaanza kuchimba shimo jipya la karo upande wa juu. Aliandika kibali cha msimu mmoja. Alisema waziwazi, na Bi Fagio akamheshimu kwa hilo, kwamba siku moja bahari inaweza kukichukua chumba kile hata wakifanya kila kitu, na kwamba atarudi kupima tena.

"Msimu mmoja," Bi Fagio alimwambia wifi yake jioni hiyo.

"Mimi nimepata mitatu," wifi alisema, "na mkaguzi ameusifu ufukwe wangu. Amesema una afya. Nimemwambia ni matunda ya bidii."

Picha ilirudi ukutani, safari hii imekunjuliwa yote, ndani ya fremu mpya. Wageni huuliza yule bwana anacheka nini. Na alfajiri Bi Fagio bado hutoka na ufagio wake. Anafagia vyumba, anafagia kibaraza, anashuka uwanjani, anafagia hadi mahali mchanga unapoanza. Hapo anasimama. Mbele yake majani meusi yamelala yalivyotupwa, yananuka, na kila moja linamwita kwa jina. Anatazama yamefika wapi, anatazama maji yameishia wapi, anapima kwa jicho kama jana na kama juzi. Kisha anageuza ufagio kichwa chini, anauegemea, na kungoja jua litoke ili aone vizuri zaidi.